Maumivu ya mfupa kwa anayejidunga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaojidunga unga (heroini) au waliowahi kujidunga hapa Unguja na Pemba, mama zao na ndugu zao, wasimamizi wa soba hausi (nyumba za wanaoacha unga), na wahudumu wa afya wanaowapokea. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wanapopotea. Mengine ni mafupi.

Ni ugonjwa gani huu hasa?

Ni vijidudu vinavyoingia kwenye damu, vikafika kwenye mfupa au kiungo na kuanza kuula mfupa taratibu. Madaktari huuita osteomielaitisi. Ukiwa kwenye kiungo, kama goti au nyonga, huitwa usaha wa kiungo. Mtu yeyote anaweza kuupata, mzee mwenye kisukari au mtoto mwenye siko seli. Anayejidunga yumo hatarini zaidi kwa sababu kila sindano isiyo safi inapita ngozi, ambayo ndiyo ukuta wa kwanza wa mwili, na kupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye mshipa.

Mbona wao hupata sehemu ambazo wengine hawapati?

Sehemu inayougua mara nyingi zaidi kwa mtu mzima ni pingili za uti wa mgongo, hasa kiunoni. Kwa wanaojidunga kuna sehemu nyingine ambazo daktari asiyewazoea anaweza asizifikirie: pale mtulinga unapokutana na kidari, kiungo cha nyuma kinachounganisha nyonga na uti wa mgongo, mfupa wa mbele wa kinena, na gegedu za mbavu.

Njia ya kuingilia husaidia kueleza. Aliyeishiwa mishipa ya mikono akahamia shingoni, akaja analalamika uvimbe juu ya kifua upande mmoja na hawezi kuinua bega, huyo mtulinga wake uangaliwe siku hiyo hiyo. Anayejidunga kinenani halafu anachechemea, mtazame nyonga na mfupa wa kinena. Kwa hiyo swali la “unajidunga wapi?” ni swali la uchunguzi kama lilivyo “unaumwa wapi?”, na liulizwe kwa sauti ya kawaida, pazia likiwa limefungwa na mama mtu akiwa nje.

Nitajuaje kama ni arosto au ni mfupa?

Hili ndilo swali kubwa. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, inauma mifupa kweli. Kila aliyewahi kuipitia atakwambia mgongo unakatika, miguu haitulii, magoti yanavutwa. Ndiyo maana kijana akisema mgongo unamuuma, nyumbani wanasema arosto, maskani wanasema arosto, na mapokezi hospitalini nao wanasema hivyo hivyo. Yeye mwenyewe anaamini, anatafuta kete nyingine ya unga, maumivu yanapungua kwa saa chache, na wiki zinapita.

Tofauti zipo, na hazihitaji mashine.

Maumivu ya arosto yametapakaa mwili mzima. Huja na wenziwe: mafua, machozi, miayo, vipele vya baridi, kuharisha, mboni za macho kutanuka, kukosa usingizi. Kwa heroini huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya mara ya mwisho, huwa makali siku ya pili na ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi huwa yameshuka sana. Akipata methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini) ya kumtosha, hupungua yote kwa pamoja.

Maumivu ya mfupa ulioambukizwa yana anwani. Mgonjwa anaweza kuweka kidole kimoja akasema “hapa”. Hayafuati ratiba ya dozi. Usiku huzidi, na hata akilala kimya yapo. Yanaongezeka wiki hadi wiki. Ukigonga taratibu kwa ngumi juu ya pingili zake moja moja, anaruka kwenye moja au mbili. Na anayekunywa methadoni kila siku, hana mafua wala miayo, lakini bado mgongo unamuuma pale pale, huyo hana arosto.

Kipimo changu ni hiki: maumivu mapya ya mahali pamoja, kwa mtu anayejidunga au aliyejidunga miezi ya karibuni, yakifika wiki mbili, yahesabiwe ni maambukizi ya mfupa mpaka vipimo vikatae. Ikiwa kuna homa au kupungua uzito, usingoje hizo wiki mbili. Najua tutapima watu ambao mwishowe watakuwa na misuli iliyochoka tu. Sawa.

Lakini hana homa.

Wengi hawana. Karibu nusu ya wenye maambukizi ya uti wa mgongo huja bila homa, na chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa za kawaida kabisa. Dawa za maumivu za dukani, diklofenaki na panadoli, nazo huficha homa. Kwa hiyo “joto lake ni 37” haimalizi mazungumzo.

Bibi anasema ni baridi yabisi, na ameshachuliwa na kupigwa chuku. Kuna ubaya?

Bibi hakukosea kuona kwamba kuna kitu mwilini. Ila mgongo wenye usaha haufai kukandwa wala kukanyagwa. Pingili iliyoliwa inaweza kubonyea, na hapo uti wa neva, ile kamba ya neva inayopita ndani ya mgongo, unabanwa. Hijama haifiki kwenye mfupa, na wembe usio safi unafungua mlango mwingine. Mwambieni bibi kwa adabu kwamba mafuta ya karafuu yasubiri picha.

Dalili zipi haziwezi kungoja kesho?

Miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi. Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujijua. Ganzi sehemu za siri na matakoni, pale mtu anapokalia. Homa kali na kuchanganyikiwa. Kiungo kilichovimba, cha moto, kisichoweza kukunjwa hata kidogo. Hizo ni za usiku huu. Usaha unaobana uti wa neva unaweza kumpoozesha mtu ndani ya saa chache, na miguu ikishapooza kabisa mara nyingi hairudi hata akifanyiwa upasuaji mzuri.

Kuna dalili moja ya kimyakimya ambayo napenda ndugu waijue: anatembea ameinama, na akilala chali anakunja paja upande mmoja kwa sababu kulinyoosha kunamtesa. Huenda ana jipu kwenye msuli mkubwa unaoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye paja. Jipu hilo halionekani kwa nje.

Tukifika hospitali, kianze kipi?

Damu ya kuotesha, yaani damu inayowekwa maabara ili vijidudu vilivyomo vikue na vitambulike, kabla ya antibayotiki yoyote.

Naliweka peke yake kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi. Kijana anafika na mgongo, anachomwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, kwa siku tatu “tuone”, homa inashuka, anarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu anarudi ana hali mbaya zaidi, na sasa damu ikioteshwa haioti kitu, kwa sababu dawa iliua vijidudu vya kwenye damu na kuviacha vya kwenye mfupa. Kuanzia hapo daktari anatibu kwa kubahatisha.

Damu ichukuliwe mara mbili au tatu, kila mara kutoka mshipa tofauti, kwa mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Ngozi isafishwe vizuri na iachwe ikauke. Chupa moja tu ikiota kijidudu cha kawaida cha ngozi, hujui kama kimetoka kwenye damu au kwenye mkono. Zikiota mbili, unajua.

Pamoja na hiyo: picha kamili ya damu, ESR na CRP (vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukipambana na ugonjwa), sukari, figo na ini. ESR na CRP hupanda kwa wengi sana wenye ugonjwa huu, ingawa hupanda pia kwa TB, nimonia na mengineyo. Faida yake kubwa ni baadaye: CRP hushuka haraka tiba ikifanya kazi, hivyo ile ya siku ya kwanza ndiyo ya kulinganishia.

Ikiwa mgonjwa ana dalili za hatari nilizozitaja, damu ichukuliwe na dawa ianze hapo hapo. Hakuna kungoja majibu kwa mtu anayepooza au anayeporomoka presha.

Na wewe ndugu uliyemleta: kama ameshakunywa ampiklox au chochote cha duka la dawa, sema. Leta na paketi. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, sema vile vile.

Mishipa yake imekwisha. Watatoa wapi damu?

Muulizeni yeye. Anajua kuliko sote upi bado unatoa. Nimeona wahudumu wakimchoma mara nyingi huku yeye ananyamaza kwa aibu, ilhali angeonyesha mahali kwa mara moja. Kukiwa na ultrasaundi, mshipa wa ndani unapatikana.

Eksirei imetoka safi. Basi ni salama?

Hapana. Mfupa hupoteza karibu thuluthi moja hadi nusu ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha kitu. Mgongoni, wiki mbili tatu za kwanza picha inaweza kuwa nzuri kabisa. Eksirei safi ya wiki ya kwanza inakwambia hakuna mfupa uliovunjika, basi.

Ikianza kuonyesha, tazama umbo la uharibifu. Bakteria wa kawaida hupenda kula pingili mbili zinazopakana pamoja na diski iliyo katikati yao. Saratani iliyosambaa kwa kawaida huila pingili na kuiacha diski. TB huanza mbele ya pingili, huiacha diski kwa muda mrefu, hupenda zaidi katikati ya mgongo, na mwisho huleta kibyongo. Hii ni miongozo, mgonjwa mmoja mmoja anaweza kuikaidi.

Picha bora ni MRI, kwa sababu huona maji na usaha ndani ya mfupa mapema na huonyesha uti wa neva kama unabanwa. Isipopatikana kwa haraka, CT ni nzuri kuliko eksirei, na ultrasaundi inatosha kuonyesha jipu la msuli au maji ndani ya nyonga. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo tangu 2014, na baadhi ya wagonjwa hupanda boti kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Kama MRI iko mbali lakini mtu ana maumivu ya mahali pamoja, CRP ya juu na damu iliyoota, anatibiwa. Picha itafuata.

Wanataka kuchukua kinyama kwenye mgongo. Ni lazima?

Si kila mara. Damu ikiota *Staphylococcus aureus*, bakteria anayeongoza kwa kuleta ugonjwa huu, na picha inalingana, hakuna haja ya kumchoma mgongo. Damu huota kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kwa waliobaki, kinyama ndicho kinachosema ukweli. Sindano huongozwa kwa CT au eksirei ya moja kwa moja, na mgonjwa akiwa imara antibayotiki husimamishwa au hungojwa kwanza.

Neno kwa walio wodini: kinyama cha kuotesha kisitiwe kwenye formalini. Formalini inaua kila kitu. Sehemu moja iende maabara ya vijidudu ndani ya chupa safi yenye saline kidogo, sehemu nyingine ndiyo ya formalini kwa ajili ya patholojia. Na kwenye fomu ya maabara iandikwe: bakteria, TB kwa GeneXpert na kuotesha, fangasi. Kisichoombwa hakitafutwi.

Mbali na *Staphylococcus*, vijidudu adimu ni wepi?

Wanaotokana na namna mtu anavyojidunga, na hapa historia husaidia kuliko mashine.

*Pseudomonas* hukaa majini: kwenye ndoo, kwenye bomba, kwenye kikombe kinachochovywa na wengi. Miaka ya 1970 na 1980 ilijulikana sana Chicago na Detroit kwa watu waliokuwa wakijidunga vidonge vya pentazosini vilivyosagwa, na ikawaoza pingili na viungo vya kifua. Seftriaksoni haimuui huyu. Mgonjwa anayetibiwa kwa seftriaksoni ipasavyo na hapati nafuu, mfikirie yeye.

*Candida* ni fangasi. Heroini ya kahawia haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, inataka kitu kichachu, na wengine huminya ndimu. Ndimu iliyokatwa ikakaa ni shamba la fangasi. Miaka ya 1980 Ulaya, Hispania, Ufaransa na Scotland, iliwapata watu wengi kwa njia hiyo: kwanza homa kali ndani ya siku chache, kisha vinundu vyenye usaha kichwani na kwenye ndevu, macho kuona ukungu, halafu baada ya wiki au miezi gegedu za mbavu au uti wa mgongo. Kwa hiyo uliza kuhusu ndimu, na uliza kuhusu macho. Anayeona ukungu apelekwe kwa daktari wa macho haraka, kwa sababu jicho hilo linaweza kupotea.

Wa mdomoni, kama *Eikenella* na streptokoka, huingia kwa wanaolamba ncha ya sindano au kulainisha ngozi kwa mate. Wanakua polepole, maabara iambiwe iache chupa zikae.

Salmonela huwapenda wenye siko seli. Kijana mwenye siko seli anayejidunga ana sababu mbili za kuumwa mifupa na nyote mnaweza kudhani ni “kraisisi” yake ya kawaida.

TB ipo nchini. Kwa nini wasimwanzishie dawa za TB tu?

Kwa sababu akiwa na *Staphylococcus* atapooza huku anakunywa dawa za TB. Ni kweli TB ya mgongo ni ya kufikiriwa kila mara hapa kwetu: huja polepole kwa miezi, na jasho la usiku, kukonda, homa za jioni. Kifua kinaweza kuwa kizima. Lakini dawa zake za mfupa huchukua miezi 9 hadi 12, na hakuna anayestahili kuzianza bila kwanza damu kuoteshwa na kinyama kutafutwa. Pale ambapo kinyama hakipatikani kabisa, daktari anaweza kuamua hivyo, akiwa na tarehe ya kurudi kuhakikisha kama amekosea.

Mgongo unauma, mbona wanapima moyo na VVU?

Vijidudu vilivyopita kwenye damu hupenda kutua kwenye vali za moyo njiani. Akisikika na mlio wa moyo, au damu ikiota *Staphylococcus*, afanyiwe eko (ultrasaundi ya moyo). VVU kwa watu wote wa Zanzibar ni chini ya asilimia 1, ila kwa wanaojidunga iko juu zaidi, na homa ya ini ya B na C vivyo hivyo. Majibu hayo hubadilisha dawa zitakazochaguliwa.

Anakunywa methadoni. Dawa za mfupa zitagongana nayo?

Baadhi zinagongana vibaya, na wanaotoa methadoni hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, lazima wajulishwe siku dawa inapoanza. Siyo baadaye.

Rifampisini, inayotumika kwa TB na wakati mwingine kwa mfupa, hushusha methadoni mwilini. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili mgonjwa aliyekuwa ametulia anapata arosto ya kweli, anarudi maskani, na watu wanasema “si tulisema”. Dozi ipandishwe. Na rifampisini ikiisha, dozi ishushwe tena taratibu, la sivyo ile ile iliyomfaa inaweza kumsimamisha pumzi.

Flukonazoli, dawa ya fangasi, hufanya kinyume: hupandisha methadoni. Pamoja na antibayotiki ya siprofloksasini, inaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifanywe kabla na baada ya kuanza.

Jambo lingine: methadoni ya asubuhi inazuia arosto kwa siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu ni ya saa 6 hadi 8. Mgonjwa wa methadoni mwenye mfupa ulioliwa anahitaji dawa ya maumivu juu ya methadoni yake. Kumnyima kwa hofu kwamba “anataka kulewa” ndiko kunakomfanya aruke ukuta wa hospitali usiku wa pili, na uchunguzi wote unaishia hapo. Asiye kwenye methadoni naye, arosto yake itibiwe wodini tangu siku ya kwanza. Bila hivyo hatakaa, hata umsihi vipi.

Tuko Pemba. Tufanyeje?

Anzeni Chake Chake, Wete, au Abdalla Mzee pale Mkoani. Vipimo vya mwanzo, eksirei, ultrasaundi na kutoa damu ya kuotesha ni mambo ya kuulizia huko huko kabla ya safari. Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo tafiti zake za homa ya matumbo zilihusu kuotesha damu, kwa hiyo daktari akipiga simu kuuliza hapotezi kitu. Mgonjwa akipewa rufaa kuja Unguja, barua iseme damu ilitolewa lini, dawa gani amepewa na saa ngapi. Mwenye mgongo unaoshukiwa asafiri amelala, asikalishwe kwenye kiti cha meli usiku kucha.

Daktari atatuitia polisi?

Kazi yake ni kutibu, na unachomwambia ni siri ya matibabu. Huu ni ugonjwa, haukutokana na kupigwa wala ajali, kwa hiyo hakuna PF3 (fomu ya polisi) inayohitajika. Akisema ukweli kuhusu sindano, ndimu na maji, anafupisha uchunguzi kwa siku kadhaa.

Ni Ramadhani.

Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Dawa za mfupa nyingine ni kila baada ya saa 8, na haziwezi kubanwa kati ya futari na daku. Mwenye wasiwasi azungumze na sheikhe wake, na sheikhe aambiwe ugonjwa wenyewe ni upi.

Tiba ni ya muda gani, na tutajuaje amepona?

Kwa bakteria wa kawaida wa uti wa mgongo, wiki 6 kwa kawaida. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2015 ulilinganisha wiki 6 na 12 ukaona hazitofautiani kwa matokeo. Jipu lisilonyonywa au fangasi hurefusha. Si lazima zote ziwe za sindano: utafiti wa Uingereza wa 2019 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 wa mifupa na viungo ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa dhaifu kuliko dripu. Kwa mtu asiye na mshipa, hiyo ni habari kubwa, lakini vidonge huchaguliwa kwa jina la kijidudu, na jina hilo linatoka kwenye ile damu ya siku ya kwanza.

Baada ya wiki 4 rudieni CRP na ESR. Maumivu yakipungua na CRP ikishuka, hakuna haja ya kurudia MRI. Mfupa hupona polepole, na picha inaweza kuonekana mbaya zaidi ilhali mtu anatembea vizuri. Wengi wamebadilishiwa dawa bila sababu kwa ajili ya picha hiyo. Maumivu yakirudi pale pale, au homa ikirudi, hata baada ya miezi, aanze upya kwenye damu ya kuotesha.